Maswali ya Mkimbiaji wa Ridhaa: Mazoezi, Mashindano na Miguu Inayouma

Mengi ya maswali haya nimeulizwa nikiwa nimeinama, nafunga kamba za raba. Mengine nilijiuliza mwenyewe miaka ya mwanzo, sikuwa na wa kunijibu, nikayajibu kwa kuumia. Mimi si daktari wala kocha mwenye cheti. Ni mkimbiaji wa ridhaa: nina kazi, nina familia, na nina goti la kushoto lenye maoni yake.

Naanza kutoka sifuri. Hata dakika tano za kukimbia siziwezi. Nifanyeje?

Basi usikimbie dakika tano. Kimbia moja, tembea mbili, rudia mara nane au kumi, rudi nyumbani. Siku tatu kwa wiki zinatosha, na kati yake ziwepo siku za kupumzika. Wiki inayofuata ongeza kidogo upande wa kukimbia. Watu wengi wenye afya ya kawaida hufikia nusu saa mfululizo baada ya miezi miwili au mitatu.

Mtego ni huu: moyo na mapafu huzoea haraka, ndani ya wiki chache unajiona simba. Mifupa na kano zinataka miezi. Ndiyo maana anayeanza haumii wiki ya kwanza anapohema kama mvukuto. Anaumia pale anapoanza kujisikia vizuri na kujiongezea dozi.

Kutembea hakumpunguzii mtu heshima. Jeff Galloway, aliyeiwakilisha Marekani katika mita 10,000 kwenye Olimpiki ya 1972, alijenga mfumo mzima wa kukimbia na kutembea kwa zamu, na watu wengi wamemaliza marathoni kwa njia hiyo. Siri ni kutembea tangu mwanzo, kabla mwili haujakulazimisha.

Kama una tatizo la moyo, presha au kisukari, au kifua hubana ukipanda ngazi, muone daktari kwanza. Hilo halina mjadala.

Siku za kawaida nikimbie kwa kasi gani?

Kasi ambayo unaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika. Najua jibu hili linaudhi. Liliniudhi na mimi.

Mwaka wangu wa kwanza kila mazoezi yalikuwa mtihani. Njia ile ile, saa mkononi, na lengo moja: kuipita jana. Kwa wiki kadhaa nilifanikiwa. Kisha muda ukagoma kushuka, usingizi ukawa wa mang'amung'amu, ugoko ukaanza kuuma nikishuka kitandani. Nikaongeza bidii. Unaweza kukisia kilichofuata.

Aliyeniponya ni mzee mmoja tuliyekuwa tukikutana njiani alfajiri. Tulianza kukimbia pamoja, na kila tulipopanda kilima alikuwa ananiuliza habari: watoto hawajambo? Kazi inaendeleaje? Yule mgonjwa wenu? Nikadhani ni adabu ya kizee tu. Ilinichukua miezi kugundua kwamba alikuwa ananipima. Nikijibu kwa neno moja moja, anapunguza mwendo bila kusema kitu. Nikijibu kwa hadithi ndefu, tunaendelea vilevile. Mwaka ule nilikimbia polepole kuliko wakati wowote, na muda wangu wa nusu marathoni (kilomita 21 na ushee) ukashuka kwa dakika tisa.

Maelezo yake si uchawi. Kukimbia kwa wepesi huongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli, huongeza vile vinu vidogo vya nishati viitwavyo mitokondria, na huufundisha mwili kutumia mafuta kama kuni. Hayo yote yanadai muda mwingi wa kukimbia, na muda mwingi hauwezekani ukiwa hoi kila siku. Mtafiti Stephen Seiler alipochunguza wanamichezo wa kiwango cha juu wa michezo ya ustahimilivu, alikuta takriban asilimia 80 ya mazoezi yao ni mepesi. Kama wanaolipwa kukimbia wanajizuia hivyo, sisi wa ridhaa, tunaolala saa sita na kuamkia kazini, tunamkimbilia nani?

Saa inasema moyo unapiga 175. Niogope?

Kwanza angalia kama inasema kweli. Vipimo vya mkononi hupotoka, hasa mkanda ukilegea. Wakati mwingine saa huhesabu hatua zako ikidhani ni mapigo. Pili, ile kanuni ya 220 kutoa umri ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo kumi na zaidi bila kasoro yoyote. Kama unaongea vizuri, endelea. Kama hata bila saa unahisi moyo unaruka ovyo, au kizunguzungu, simama, na namba ile mpelekee daktari.

Ni lazima ninunue saa ya namna hiyo?

Hapana. Eliud Kipchoge anajulikana kwa kuandika mazoezi yake kwa mkono kwenye daftari. Daftari lina faida moja ambayo saa haina: unaandika pia jinsi ulivyojisikia. "Kilomita 8, miguu mizito, sikulala" ni taarifa bora kuliko mchoro wa rangi tano.

Wiki nzima niipangeje?

Kwa mtu wa siku nne: mbili nyepesi, moja ya kasi, moja ndefu. Ukipata siku ya tano, iwe nyepesi. Ukipata ya sita, jiulize kwanza kama kuna mtu nyumbani anayekukumbuka.

Siku ndefu ndiyo uti wa mgongo. Ianze polepole, na iishe ukiwa na akiba ya kuongeza kilomita mbili kama ungeambiwa. Isimeze wiki nzima: ukikimbia kilomita 30 kwa wiki na 20 kati ya hizo ni za Jumapili, unajitafutia daktari.

Siku ya kasi ina ladha nyingi. Kuna fatleki, neno la Kiswidi lenye maana ya mchezo wa kasi, mbinu iliyoasisiwa na kocha Gösta Holmér miaka ya 1930: unakimbia kawaida, unachagua mti ulio mbele, unaufuata kwa kasi, unapumua, unachagua mwingine. Kuna vipande, mfano mita 800 mara tano, na katikati unajikongoja dakika mbili tatu. Emil Zátopek, mkimbiaji wa Chekoslovakia, alikuwa mlevi wa vipande, akirudia mita 400 makumi ya mara kwa siku, na kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni, ambayo ndiyo ilikuwa marathoni yake ya kwanza maishani. Usimwige. Na kuna tempo, mwendo wa "nimebanwa lakini sijakabwa", ule ambao mkimbiaji aliyezoea angeuhimili kama saa moja kwenye mashindano. Dakika 20 za tempo, baada ya kupasha mwili moto, zinamtosha mtu wa ridhaa.

Kipande cha mwisho kiwe sawa na cha kwanza. Ukikimaliza umelala kwenye nyasi, ulikosea hesabu kwenye kipande cha pili.

Niongeze umbali kiasi gani kila wiki?

Kanuni maarufu ni asilimia 10. Ichukue kama alama ya njiani, isiwe sheria: anayekimbia kilomita 10 kwa wiki anaweza kuongeza mbili bila shida, na anayekimbia 80 anaweza kuumizwa na nane. Ninachokishika mimi ni kingine. Kila wiki ya nne napunguza robo au theluthi, hata kama najisikia vizuri. Hasa nikijisikia vizuri.

Raba ipi ni bora?

Inayokutosha na ambayo hukumbuki kuwa umeivaa. Ijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kama inabana dukani, itabana zaidi kwenye kilomita ya 15. Usimsikilize anayesema itatanuka.

Jozi nyingi huchoka kati ya kilomita 500 na 800. Ukiona magoti yanalalamika bila sababu, geuza soli uitazame. Zile zenye bamba la kaboni na povu nene zinasaidia kweli kwenye mashindano (kanuni za riadha za dunia zimeweka kikomo cha unene wa soli, milimita 40 kwa mbio za barabarani), lakini kuzivaa kila siku ni kuzimaliza bure.

Kuna wanaouliza kuhusu kukimbia peku, kwa sababu Mwethiopia Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Ni kweli. Miaka minne baadaye huko Tokyo alishinda tena, kwa kasi zaidi, akiwa amevaa viatu.

Ninyooshe misuli kabla ya kukimbia?

Kunyoosha kwa kusimama tuli sekunde nyingi, misuli ikiwa baridi, hakukusaidii kitu. Tembea haraka, rusha miguu mbele na nyuma, piga magoti juu, kisha anza kwa mwendo wa polepole. Kunyoosha weka jioni.

Ugoko unauma. Niendelee au nipumzike?

Nina maswali matatu ninayojiuliza kila kitu kinapouma. Je, maumivu yanapungua nikishapata joto, au yanazidi? Je, yanabadilisha namna ninavyokanyaga? Je, kesho yake asubuhi yamezidi ya jana? Jibu baya kwenye lolote kati ya hayo, napumzika siku tatu nne na kuhamia baiskeli au bwawa la kuogelea.

Maumivu ya ugoko yaliyotapakaa kwenye ukingo wa ndani wa muundi, kwa urefu wa kiganja, mara nyingi ni dalili ya kuongeza mazoezi haraka. Punguza, yatatulia. Lakini kama unaweza kuweka kidole kimoja juu ya mfupa na kusema "ni hapa", na ukibonyeza unaruka, na usiku panauma ukiwa umelala, huo unaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Hapo acha kukimbia siku hiyo hiyo, ukapimwe. Ufa ulioheshimiwa hupona kwa wiki kadhaa. Uliodharauliwa huvunjika.

Kano ya nyuma ya kisigino ina dawa yake, ya kuchosha lakini ya kweli: simama kwenye ukingo wa ngazi, shusha kisigino taratibu chini ya ngazi kwa mguu unaouma, panda kwa kusaidiwa na mguu usiouma. Mpango uliosambazwa na daktari Mswidi Håkan Alfredson ni mara 15, seti tatu goti likiwa limenyooka na tatu likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Niliufanya nikipiga mswaki. Wiki ya tano nilitaka kuuacha. Ya tisa nilikuwa nimesahau ni mguu gani uliokuwa ukiuma.

Kinga ya mengi ni nguvu. Mara mbili kwa wiki, dakika ishirini: kuchuchumaa, kupanda juu ya stuli kwa mguu mmoja, kunyanyua visigino ili kuimarisha vigimbi, na mazoezi ya nyonga. Wakimbiaji hawapendi kusikia hili. Wangependa waambiwe waongeze kilomita.

Kichomi kinanipata ubavuni kila nikiongeza kasi.

Punguza mwendo, pumua nje kwa nguvu, bonyeza panapouma huku umeinama kidogo mbele. Na usile mlo mzito ndani ya saa mbili tatu kabla ya kutoka.

Mimi ni mwanamke na tangu niongeze mazoezi hedhi imekata. Wenzangu wanasema ni kawaida kwa wakimbiaji.

Wenzako wanakosea. Kwa mkimbiaji, hedhi kukata mara nyingi maana yake mwili unapata nishati ndogo kuliko unayotumia, na umeanza kufunga idara ambazo unaona zinaweza kusubiri. Mifupa hudhoofika, kinga hushuka, nyufa za mifupa huanza. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua tatizo hili rasmi mwaka 2014 kama upungufu wa nishati katika michezo, na ikasema wazi kwamba wanaume nao wanalipata, ila kwao hakuna kengele inayoonekana kirahisi hivyo. Ongeza chakula, punguza kilomita, muone daktari. Ukiwa unachoka bila sababu, omba pia upimwe madini ya chuma. Wakimbiaji, hasa wanawake, hupungukiwa mara nyingi.

Nina mafua. Nikimbie?

Yakiwa puani tu, kidogo na polepole. Yakiwa kifuani, au una homa na mwili mzima unauma, lala. Kukimbia na homa kunaweza kuupeleka uambukizi kwenye msuli wa moyo.

Shindano la kwanza liwe la umbali gani?

Kilomita 5 au 10. Jua kwanza kupanga foleni, kubandika namba, kubanana mwanzoni na kujizuia usitoke mbio na kundi. Halafu nusu marathoni, ambayo kwa maoni yangu ndiyo umbali mtamu kuliko yote: inakuheshimisha lakini Jumatatu unashuka ngazi.

Marathoni iache kwa mwaka wa pili. Ni kilomita 42.195, na hizo mita 195 tunawashukuru Waingereza: kwenye Olimpiki ya London mwaka 1908 njia ilianzia kwenye kasri la Windsor na kuishia mbele ya jukwaa la kifalme, na mwaka 1921 umbali huo ukafanywa rasmi. Unahitaji miezi minne hadi sita juu ya msingi ulionao, na siku ndefu kadhaa zinazofikia kilomita 28 hadi 32. Hakuna haja ya kukimbia 42 kwenye mazoezi. Utalipa uchovu wa marathoni bila kupewa medali.

Nitajuaje nilenge muda gani?

Mhandisi Mmarekani Pete Riegel aliacha kanuni inayotumika hadi leo, ambayo kwa lugha nyepesi ni hii: umbali ukiongezeka mara mbili, muda unaongezeka kama mara 2.085. Nusu marathoni ya saa 2 inatabiri marathoni ya saa 4 na dakika 10. Kwa mtu wa kilomita chache kwa wiki, utabiri huo una matumaini mno. Mimi huongeza dakika kumi, na mpaka sasa sijawahi kujuta kuziongeza.

Huo ukuta wa kilomita ya 30 ni kitu gani?

Ni ghala kuwa tupu. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini, gramu mia nne mia tano hivi, na kwa mwendo wa mashindano akiba hiyo huelekea kuisha baada ya kilomita 30 hivi. Mafuta yapo tele, lakini huungua polepole. Kwa hiyo mwendo unashuka utake usitake. Na ubongo nao unaishi kwa sukari. Ndiyo maana mtu mwenye akili timamu anaanza kulia kwa sababu kikombe cha maji kimemponyoka.

Unaukwepa kwa njia tatu. Kula wanga zaidi siku mbili za mwisho. Usitoke mbio mwanzoni, maana kasi hula wanga kwa fujo. Na kula njiani: gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kwa jeli (sukari nzito ya kumeza, ya kwenye pakiti) au kinywaji, ukianza ndani ya dakika 40 za kwanza, kabla ya kuhisi njaa. Waliozoeza tumbo kwa mchanganyiko wa sukari mbili, glukosi na fruktosi, hufika hata 90. Neno "waliozoeza" ndilo la kushika. Jeli ya kwanza maishani mwako isiwe ya kilomita ya 20 ya shindano, la sivyo utaifahamu njia nzima kwa vyoo vyake.

Ninywe maji kiasi gani?

Kunywa ukisikia kiu. Kwa miaka mingi wakimbiaji walihimizwa kunywa kadiri wawezavyo, na watu wakafa, kwa sababu maji mengi kupita kiasi huzimua sodiamu, yaani madini ya chumvi, kwenye damu na ubongo ukavimba. Katika Boston Marathon ya 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 waliomaliza. Asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu. Walio hatarini hasa ni wa mwendo wa polepole, wanaopita kila kituo na kujaza tumbo. Ukimaliza ukiwa mzito kuliko ulivyoanza, ulikunywa mno.

Tukiwa hapo: usimeze dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni kabla ya mbio ndefu. Figo zako siku hiyo zina kazi ya kutosha.

Joto likiwa kali?

Sahau muda uliolenga, kimbia kwa hisia. Mwili huzoea joto kwa siku 10 hadi 14 za mazoezi ndani ya joto hilo, kwa hiyo kuzoea huko hakununuliwi wiki ya mwisho. Ukianza kusikia baridi na vipele vya msisimko huku jua linawaka, umeshapita mpaka: simama, tafuta kivuli, maji na msaada.

Wiki za mwisho kabla ya marathoni nifanye nini?

Punguza. Wiki mbili hadi tatu, kilomita zishuke hadi karibu nusu, lakini vipande vifupi vya kasi vibaki ili miguu isisinzie. Utashikwa na wazimu. Utahisi goti ambalo halijawahi kuuma, koo litawasha, utaota umesahau namba. Mimi huwa nachechemea kabisa siku ya Alhamisi, na Jumapili goti limepona. Kilicho kibaya ni kutaka kufidia mazoezi uliyoyakosa. Kilomita za wiki ya mwisho hazikujengi tena, zinakuchosha tu.

Asubuhi ya mbio, nini nisikisahau?

Mafuta ya mgando. Paka mapajani, kwapani, kwenye vidole vya miguu, na kama wewe ni mwanamume, kwenye chuchu. Nilidhani hilo la mwisho ni utani wa wakongwe. Nusu marathoni yangu ya pili ilikuwa na manyunyu, na nikavaa fulana nyeupe ya pamba. Kwenye picha ya mstari wa mwisho nimeinua mikono kwa furaha, na kifuani kuna michirizi miwili myekundu hadi kitovuni. Mama mmoja wa huduma ya kwanza alinikimbilia na machela.

Mengine: pini nne za namba, kata kucha siku mbili kabla, kula ulichokizoea saa tatu kabla, fika mapema kwa sababu ya foleni ya choo. Fulana, soksi na raba ziwe ulizokwisha kuzikimbilia.

Mbio zenyewe nizikimbieje?

Kwa woga, mpaka theluthi mbili ya njia.

Nusu marathoni yangu ya kwanza nililenga saa 2, yaani dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita. Kilomita ya kwanza nilimaliza kwa 4:50. Niliiona ile namba kwenye saa, na nakumbuka nilichowaza: leo ndiyo siku yangu. Kilomita ya tano nilikuwa mbele ya hesabu kwa zaidi ya dakika tatu na nilikuwa natabasamu kwa wapiga picha. Kilomita ya 12 niliacha kutabasamu. Ya 17 nilikuwa natembea, nimeshika kiuno, nikapitwa na baba anayesukuma kigari cha mtoto. Mtoto alinipungia. Saa 2 dakika 14.

Hakuna kitu kama "kuweka akiba ya dakika" mwanzoni; unakopa, na riba yake ni kubwa. Kwenye marathoni ile ile ya Olimpiki ya 1908, Mwitaliano Dorando Pietri aliongeza kasi aliposikia kwamba anayeongoza anachoka. Alimpita, akaingia uwanjani wa kwanza, akageukia upande usio wake, akaanguka mara kadhaa, na alipovushwa mstari kwa kushikwa na waamuzi, ushindi wake ukafutwa.

Kwa hiyo: kilomita tatu za kwanza polepole kuliko lengo, hata kama kundi zima linakupita. Kisha shika mwendo wako. Vilima vipande kwa nguvu ile ile, si kwa kasi ile ile. Marathoni ya saa 4 pia ni 5:41 kwa kilomita. Ya saa 5 ni kama 7:07. Iandike mkononi kwa kalamu, kwa sababu kilomita ya 33 hutaweza kuzidisha wala kugawanya.

Saa yangu ilisoma kilomita 42.6. Waandaaji walikosea?

Karibu hakika hawakukosea. Njia iliyothibitishwa hupimwa kwa baiskeli iliyosawazishwa, ikifuata njia fupi kuliko zote, sentimita 30 tu kutoka ukingo wa kona, kisha huongezwa moja ya elfu ili isiwe fupi. Kwa marathoni hiyo ni mita 42 hivi. Wewe ulizungukia kona kwa nje, ukakata kwenda kituo cha maji, ukawakwepa watu. GPS nayo huyumba kwenye majengo marefu. Panga mwendo wako kwa mabango ya njiani.

Muda wangu halisi ni upi, wa bunduki au wa chipu?

Wa chipu, kile kifaa kidogo cha kupima muda unachovaa, ni wako, unaanza ukivuka mstari. Wa bunduki, unaoanza mlio ukisikika, ni wa wanaogombea nafasi za mbele.

Nitakuwa wa mwisho. Si aibu?

Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka, akaumia goti na bega, akafungwa bendeji na kuendelea. Alifika zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, uwanja ukiwa umebaki na watu wachache. Waliomtangulia wengi hakuna anayewataja leo.

Ila tofautisha kuchelewa na kujiua. Kifua kikibana, ukiona giza, ukishindwa kujibu jina lako, toka njiani uombe msaada. Na soma muda wa mwisho wa kufunga njia kabla hujajiandikisha.

Nina miaka 55. Nimechelewa?

Mkanada Ed Whitlock alikimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 55 mwaka 2004, akiwa na miaka 73. Mazoezi yake yalikuwa kuzunguka makaburini karibu na nyumbani, saa tatu hivi kwa siku, polepole, raundi baada ya raundi. Alikuwa mtu wa pekee, lakini kanuni ni ile ile: muda mwingi, bila haraka. Ukiwa na umri huo, tenganisha siku ngumu kwa siku mbili au tatu badala ya moja, na mazoezi ya nguvu usiyakose.

Nimemaliza marathoni. Lini nirudi kukimbia?

Wiki ya kwanza, tembea tu. Ya pili, mara mbili tatu za nusu saa nyepesi. Mazoezi ya kasi baada ya mwezi hivi. Ukucha ukiwa mweusi, uache. Utadondoka wenyewe na mwingine utakuwa chini yake. Na kesho asubuhi, kama nyumbani kwenu kuna ngazi, shuka kinyumenyume huku umeshika ukuta.